Hakuna Aliyetema

Nilijifunza kutema divai kabla sijajua divai ina ladha gani. Nilijifunzia chumbani kwangu Silanga, Kibera, nimesimama juu ya beseni, mkononi glasi iliyowahi kuwa ya jamu, na ndani yake turungi iliyopoa. Chai isiyo na maziwa ndiyo pekee niliyokuwa nayo yenye rangi iliyokaribia ile ya kwenye picha. Jarida nililolinunua kwa muuza vitabu kuukuu lilieleza kila kitu kwa utaratibu: shika glasi kwa mguu wake, tazama rangi mbele ya kitu cheupe, zungusha, nusa, vuta kidogo mdomoni, acha itembee juu ya ulimi, kisha tema. Anayeijua kazi hii, jarida lilisema, hatemi kama mgonjwa. Hutema mstari mmoja ulionyooka.

Glasi yangu haikuwa na mguu, na jambo hilo lilinisumbua kuliko nilivyopenda kukubali. Lakini mstari ulionyooka nilidhani nitauweza, kwa sababu mistari ndiyo kazi yangu. Mimi ni mchoraji wa mabango. Hakuna aliyenifundisha. Nilinakili herufi kutoka vichwa vya magazeti yaliyofungiwa nyama, nikazikuza, nikazirudia mpaka mkono ukakubali. Kuna bucha kadhaa za Kibera na Kawangware zenye ng'ombe niliyemchora mimi, na kila nikipita mbele ya mmoja wao naona kasoro ya sikio, hata kama mwenye bucha mwenyewe hajaiona na hataiona.

Jioni moja, katikati ya mazoezi, jirani yangu alibisha kwenye ukuta wa mabati uliotutenganisha. Alikuwa mama aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, karibu na bwawa.

"Nyathina," aliita. Ndivyo alivyoniita, mwanangu, kwa kuwa sote tulitoka upande wa ziwa. "Umekula nini?"

"Sijala kitu, mama."

"Sasa unatapika nini?"

"Sitapiki. Najifunza kutema."

Nilisikia akisogea karibu na mabati. Kisha akauliza, "Kwani kutema kunafunzwa?"

"Ya wazungu inafunzwa."

"Woi," alisema, si kwangu, ni kwa mtu aliyekuwa naye. "Huyu mtoto amesoma vitabu mpaka vimemzidi."

Baadaye aliniletea ugali na omena, akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akiniangalia nikila.

"Hii," aliniambia, "usiteme."

Sababu ya mazoezi hayo yote ilikuwa msichana aliyekuwa na saluni Kawangware.

Tulijuana kwa bango. Baba yake alikuwa na ploti upande wa Riruta, vyumba vya kupangisha nyuma na maduka mbele, na duka moja alimwachia binti yake afungue saluni. Mimi niliitwa kuandika jina juu ya mlango. Niliandika, nikaenda nyumbani, nikaanza kuona kichwani kwamba herufi ya kwanza inalala. Nikarudi nikaifuta. Nikaandika upya, nikaenda, nikarudi tena. Nilipopanda ngazi mara ya tatu alitoka nje na chanuo mkononi.

"Fundi, kwani hii bango inataka kuoa hapa? Kila siku nikifungua iko."

"Siyo bango," nilijibu, na papo hapo nikatamani ngazi ivunjike.

Alicheka mpaka wateja wakatoka kuangalia. Tangu siku hiyo aliniita fundi, na mpaka leo sijasikia jina langu likitamkwa vizuri kuliko hapo.

Tulikuwa pamoja kwa muda wa kutosha, watu wa pande zote mbili wakitujua, nilipomuuliza kama ninaweza kuwaleta wajomba zangu wamwone baba yake. Nilimuuliza saluni. Mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma na chini yake alikaa mteja mwenye rola kichwa kizima.

"Hapa sio mahali pa kuniuliza hiyo maneno," aliniambia kwa sauti ya chini. "Na mteja anasikia."

"Mimi sisikii kitu," mteja alisema. "Endeleeni."

Mtu mwingine angengoja saluni ifungwe. Mimi nilianza kutafuta mahali. Nakiri kwamba hivyo ndivyo nilivyo: ukiniambia kitu kimekaa vibaya, sitakisogeza kidogo, nitabomoa ukuta. Na hili halikuwa jambo dogo kwangu. Baba yake alikuwa mtu wa ardhi, mzaliwa wa pale, mzee wa kanisa. Mimi mpangaji wa chumba kimoja, wa kabila lingine, mwenye rangi chini ya kucha. Akisita baba, labda wazee wangeongea naye akalainika. Akikataa binti, mambo yangekuwa yamekwisha. Nililitaka jibu lake kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka, na niliogopa kulipoteza kwa sababu tu nimeuliza vibaya.

Mahali pakapatikana kwa bango pia. Mama mmoja mwenye shamba la mizabibu upande wa Naivasha aliona ng'ombe wangu wa bucha alipokuwa akipita Riruta, akaniagiza nimchoree bango la getini: jina la shamba, kichala cha zabibu, jani moja. Nililichora nje kwangu, likachukuliwa na pikapu. Nilipompigia simu kutoka kibanda cha simu cha mtaa wa Olympic kumuuliza kama limekaa sawa, alinijibu kwa nini nisiende kuliona mwenyewe. Alikuwa na nyumba ya wageni inayokaa tupu katikati ya wiki. Nije na mtu wangu, tulale usiku mmoja, tuonje divai, pikapu ya mboga iturudishe. Sarafu zangu ziliisha kabla sijashukuru.

Kumwomba mama yake ruhusa ndiko kulikonitoa jasho. Tulimkuta jikoni, akichambua maharagwe.

"Vyumba ni vingapi?" aliuliza.

"Viwili, mama."

"Na milango?"

"Miwili."

"Mlango mmoja haufunguki kwenye mwingine?"

"Nitauliza," nilisema, na kweli nilirudi Olympic nikapiga simu kuuliza.

"Na hiyo waini," mama alitaka kujua nilipoleta jibu, "ni kama ile ya kanisani?"

"Ni hiyo hiyo."

"Basi sawa. Baba yenu nitamwambia mimi."

Alisema baba yenu. Nililibeba neno hilo mpaka Silanga kama mtu aliyebeba yai.

Tulikwenda kwa pikapu ya shamba iliyokuwa imeshusha mboga mjini, sisi wawili mbele na dereva. Nilivaa shati nililolipiga pasi mpaka kola ikaanza kung'aa. Yeye alivaa gauni la maua na raba, akanunua plamu njiani, akala akitupa kokwa dirishani na kumsimulia dereva jinsi mteja wake mmoja alivyoungua sikio akakataa kuondoka mpaka nywele ziishe. Mimi nilikuwa narudiarudia sentensi yangu moyoni. Dereva aliniuliza mara mbili kama naumwa na gari.

Shamba lenyewe lilikuwa zuri. Mizabibu ilipangwa kwa mistari iliyokwenda mbali bila kupinda, na jambo la kwanza lililonituliza siku hiyo lilikuwa kusimama mwisho wa mstari mmoja, kufumba jicho, na kuona kwamba hakuna mche uliotoka nje. Upande wa chini ziwa lilimeremeta. Wanawake walikuwa wakipogoa matawi, mmoja akiimba. Bango langu hatukuliona vizuri, kwa sababu dereva aliingia getini kwa kasi.

Mwenye shamba alikuwa amesafiri, ametuachia maagizo mazuri. Aliyetupokea ni mzee mmoja aliyevaa kabuti la jeshi na viatu vya mpira, Mkikuyu wa kule Kinangop. Yeye na mpenzi wangu waliongea kwa lugha yao kwa furaha ya watu waliogundua wanajua soko moja. Kisha akatupeleka kwenye ghala la mawe lenye mapipa. Kulikuwa na baridi nzuri mle ndani. Alitueleza zabibu zinavyopondwa na zinavyoachwa zichachuke. Nikatoa swali nililolitayarisha, kama udongo wa volkano huipa divai ladha ya moshi.

Mzee alipangusa mikono kwenye kabuti. "Moshi mimi sijui, kijana yangu. Mimi ni mtu wa chai. Hii kitu naitengeneza, lakini ikipita hapa," akajigusa koo, "inakwaruza."

Mpenzi wangu alicheka. Mimi niliona aibu kidogo, halafu nikaona glasi. Zilikuwa na miguu. Miguu mirefu, myembamba. Mzee akamimina divai nyekundu katika moja, akaweka ndoo ya bati karibu na miguu yetu, akasema wageni wa mama hupenda hiyo ndoo.

Ninapaswa kueleza mpango wangu. Ndani ya jarida lile kulikuwa na picha ya mwanamume aliyekwisha kuonja, akimkabidhi mwanamke glasi ileile. Nyuso zao zilionyesha kwamba maisha yao yamekwisha kupangwa vizuri. Hapo ndipo nilipoiweka sentensi yangu: nitaonja, nitatema, nitampa glasi, nitauliza.

Nikafanya yote. Nikaishika kwa mguu, nikaitazama mbele ya mkono wa shati langu jeupe, nikazungusha, nikanusa. Nikavuta kidogo. Ilikuwa chachu, na nilifurahi kwamba haifanani kabisa na turungi. Kisha nikatema. Nasema kweli, sijawahi kuchora mstari mzuri kama ule. Ulitoka mdomoni ukaingia kwenye ndoo bila kugusa ukingo.

"Ai!" mzee wa kabuti alisema. Nikadhani ananisifu.

Nikaigeuza glasi, nikamkabidhi mpenzi wangu kwa mikono miwili, nikasema, "Nataka kuleta wazee wetu kwa baba yako. Wewe unasema aje?"

Alikuwa anaangalia ndoo. Mzee akamuuliza kitu kwa Kikuyu, na mimi nilishika neno moja tu, baba. Akainua glasi mpaka karibu na midomo. Akasimama hapo. Halafu akaiweka juu ya pipa, polepole, kama mtu anayerudisha sokoni kitu ambacho hatakinunua.

"Sinywi," alisema. Akatoka nje.

Mzee alitazama mlango, akanitazama mimi, akatazama ndoo. "Kijana," alisema, "njoo tunywe chai."

Alasiri ile nilianza kuikagua siku hiyo kama ninavyokagua bango, kutoka herufi ya kwanza. Labda ilikuwa kola. Labda nilisema "unasema aje" badala ya kitu chenye heshima zaidi. Labda ni kabila, labda ni chumba changu cha Silanga, labda ni swali la moshi. Kilichonishangaza ni kwamba yeye alikuwa na furaha. Nilimwona kati ya mizabibu akiwafundisha wale wanawake namna ya kusuka nywele zisivutike, wote wakicheka. Alikuja akaniita tukaangalie ziwa, tukaliangalia. Viboko walikuwa mbali, migongo yao ikiwa kama mawe, na alitaka tukae mpaka mmoja apige miayo. Kiboko alipopiga, mpenzi wangu alipiga makofi.

Chakula cha jioni kilikuwa samaki wa ziwa lile na chapati. Mimi nilikuwa nageuzageuza.

"Kwani huli?" aliuliza. "Lete."

Akala samaki wangu wote, akafyonza na kichwa. Nilikaa pale nikijiuliza mtu anawezaje kumkataa mwenzake mchana na kumlia samaki jioni. Nusu yangu ilikuwa imeumia, nusu ilikuwa inamtazama anavyokula na kufurahi kwamba anafurahi.

"Uko sawa, fundi?"

"Niko sawa."

"Haya. Lala vizuri." Akaingia mlango wake, nami nikaingia wangu. Ilikuwa milango miwili isiyofunguka mmoja kwenye mwingine, kama nilivyomwahidi mama yake.

Asubuhi niliamka mapema nikaenda getini kuliona bango, kwa sababu kama kila kitu kingine kimeharibika mtu huenda kuangalia kazi yake. Lilikuwa limepigiliwa limeinama. Si sana. Mgeni asingejua. Nikachukua ngazi iliyoegemezwa kwenye banda, nikapanda, nikaanza kung'oa msumari.

"Niliuliza mzee uko wapi," sauti ya mpenzi wangu ilisema chini yangu, "nikajijibu mwenyewe."

Alikuwa amejifunga leso juu ya gauni, ana vikombe viwili vya bati vyenye chai. Sikushuka. Kule juu ilikuwa rahisi kuongea.

"Kama ni hapana," nilisema nikiutazama msumari, "niambie tu. Nitaelewa."

"Hapana gani?"

"Jana. Ulikataa."

"Nilikataa kunywa."

"Si ni hiyo hiyo?"

Aliweka vikombe juu ya jiwe. "Shuka."

"Sema tu."

"Fundi, wewe hujui kwetu inafanywa aje, sivyo? Umesoma ya wazungu yote, yetu hukuuliza hata mtu mmoja."

Ndipo aliponieleza, na ninaandika hapa kama alivyosema. Kwao wageni wanapokuja kwa ajili ya msichana, wanaleta kinywaji. Baba anamwita binti mbele ya watu wote, anamuuliza kama wanywe. Na anamuuliza pia, tukinywa hii, hatutakuja kuitapika? Maana yake, hutakuja kubadilisha nia kesho tukaanza kurudisha vitu vya watu. Msichana akionja, amekubali. Asipoonja, watu wanachukua kofia zao wanaenda.

"Sasa wewe," alisema, na sasa alikuwa ameanza kucheka, "unanipa glasi, unaniuliza maneno ya wazee, na wewe mwenyewe umeshatema! Kwa ndoo! Tena kwa nguvu!"

"Ilikuwa mstari ulionyooka," nilisema.

"Yule mzee aliniuliza, huyu ni kijana wa kukuchukua, na baba yako yuko wapi? Ningemjibu nini? Baba yangu hayuko, mama hayuko, shahidi ni mzee wa kabuti na mapipa. Nikinywa hapo nitakuwa nimeolewa na ndoo."

Nilishuka. "Kwa hivyo ni ndiyo?"

"Sijasema." Akanipa chai. "Utasikia Kawangware, kama watu wengine. Lete wazee wako."

Tulipokuwa tunaondoka mzee wa kabuti alitupatia chupa moja ya divai, agizo la mwenye shamba. Mpenzi wangu aliipokea, akaikagua, akanikabidhi mimi kwenye pikapu.

"Hii ndiyo tutanywa kwetu siku hiyo. Wewe kazi yako ni kuiweka tu. Usiifungue. Usiionje. Usiinuse. Na hiyo siku yenyewe usiseme kitu, waache wazee waseme."

Nilimwahidi, na ahadi zangu huwa nazitimiza mpaka zinachosha watu.

Mjomba wangu mkubwa alikuwa nyumbani kwetu upande wa ziwa na ilibidi tungoje aje, kwa hiyo chupa ilikaa kwangu kwa wiki nyingi, wakati wa jua kali la mwanzo wa mwaka. Niliiweka mahali pa heshima, juu kabisa ya kabati, imesimama wima, lebo ikitazama mlango. Kila asubuhi niliifuta vumbi. Siku moja niliona kizibo kimejisukuma juu kidogo. Nikakirudisha kwa kidole gumba, nikafuta tone lililotoka, sikunusa. Jarida langu lilikuwa na ukurasa kuhusu kutunza divai, au ulikuwepo zamani, kwa sababu mwenye jarida kabla yangu alikuwa ameuchana.

Siku ikafika. Mjomba mkubwa alikuja na mjomba wa pili, mwashi wa Kibera, mtu ambaye alikuwa amekunywa kila kitu kinachonyweka na vingine visivyonyweka. Jirani yangu wa omena alikuja pia kama mama yangu, na njia nzima alikuwa akinikagua kola. Tulipokewa uani kwa baba yake, viti vya kanisa vimepangwa kwa duara, vitambaa juu ya meza. Maneno ya wazee yalikwenda vizuri. Walisifiana, wakataniana kuhusu nani anakula samaki na nani anakula viazi, na baba yake, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, alicheka mara mbili. Mimi nilikaa nimeshika magoti, sisemi kitu.

Kisha ikatolewa chupa. Baba aliigeuza mikononi.

"Hii ni pombe?" aliuliza. Nyumba ile tangu aokoke ilijua soda tu, hata kwenye harusi.

"Ni ile ya meza ya Bwana," mkewe alisema haraka.

"Meza ya Bwana hainywi chupa nzima," baba alijibu, na watu wakacheka, na akaifungua. Glasi hazikuwepo. Akamimina kwenye kikombe cha chai chenye maua, na harufu ikanifikia mahali nilipokaa.

Niliijua mara moja. Ilikuwa siki. Divai yangu, ile niliyoifuta vumbi kila asubuhi, ilikuwa imegeuka kitu cha kumwagia kachumbari.

Nikisema, nitakuwa nimezuia kinywaji mbele ya wazee wote, na wale waliokuwa pale wangeelewa vingine. Nisiposema, atakunywa. Na akinywa, mwili wa mtu una akili yake. Mtu akivuta siki mdomoni hutema kabla hajafikiri. Akitema yeye, mbele ya baba yake, hakuna mjomba atakayeweza kueleza.

Baba alimwita binti yake. Alitoka jikoni amevaa gauni la buluu, na nikamsikia jirani yangu akizisifu nywele zake. Akasimama katikati.

"Hawa watu wamekuja na kinywaji," baba alimwambia, kwa Kiswahili ili sote tusikie. "Unawajua?"

"Nawajua."

"Tukinywa, hatutakuja kuitapika?"

Hakujibu. Ndivyo inavyofanywa, jibu ni kunywa. Akapokea kikombe. Nilijaribu kumwonya kwa macho, nikayapanua, nikayakunja. Jirani yangu alinikanyaga mguu. Mpenzi wangu hakuonja kidogo, kama ambavyo ningemshauri. Alivuta kwa nguvu, kwa sababu hufanya kila kitu hivyo.

Mashavu yake yalijaa. Macho yakajaa maji. Kuku mmoja alipita kati ya viti, na hakuna aliyemfukuza. Akanitazama mimi. Nami nikamtazama, nimekishikilia kiti.

Koo lake likapanda, likashuka.

"Tunywe," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Hatutatapika."

Wanawake wakapiga vigelegele. Baba akachukua kikombe, akanywa, akasimama ghafla na divai mdomoni. Alikitazama kikombe. Alimtazama binti yake, aliyekuwa amemkazia macho. Mzee wa kanisa, mwenye ploti, akameza. Akampa mjomba mkubwa, naye akameza akiwa amefumba jicho moja. Mama wa mpenzi wangu alikohoa ndani ya leso lakini alimeza. Jirani yangu alimeza, akatamka jina la Yesu. Mjomba mwashi, ambaye nilimtegemea, alipiga mguu chini.

"Ni kali," alisema kwa heshima. "Ya wazungu ni kali sana."

"Hata ya kanisani haifiki hapa," baba alikubali.

Hakuna aliyetema. Kikombe kilipokuja kwangu nilikimaliza, na sikuwahi kumeza kitu kwa moyo wa shukrani kama ule. Kisha mama yake akapaza sauti jikoni, chai iletwe, na sukari nyingi, haraka.

Nilimpata mpenzi wangu baadaye kwenye bomba nyuma ya vyumba vya wapangaji, anasukutua mdomo.

"Uliiweka wapi hii kitu?" aliuliza.

"Juu ya kabati."

"Chini ya mabati? Hii jua yote?"

"Ili ionekane."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Na hukuinusa hata mara moja?"

"Ulinikataza."

"Aki wewe."

Nilitaka kuomba msamaha kwa utaratibu, kutoka mwanzo, lakini kwanza nilitaka kujua jambo moja. Nilimuuliza kama ilikuwa karibu.

"Kutema? Karibu sana. Ilikuwa imefika hapa." Akajigusa meno. "Halafu nikakuangalia. Ulikuwa umeshikilia kiti na macho yametoka, ni kama uko juu ya ile ngazi. Nikajiambia, wacha nimeze, huyu ataanguka."